Milimita, Saa ya Bibi na Viti Mia na Hamsini

Mjomba wangu ana miaka arobaini na tisa. Hana mke, hana gari, hana akaunti yoyote mtandaoni, na ana randa kumi na moja. Ukimuuliza randa kumi na moja za nini, anakuangalia kwa huruma, kana kwamba umemuuliza vidole kumi vya nini.

Familia nzima tunamwita Milimita. Jina hilo alilitolea jasho. Kuna siku alisimamisha chakula cha mchana cha watu tisa kwa sababu meza ilikuwa imeinama. "Milimita mbili tu, msile kwanza," akasema, na kweli hatukula kwanza. Tulikula saa kumi, meza imenyooka, sisi ndio tumepinda kwa njaa.

Zamani aliajiriwa kwenye kiwanda cha samani. Aliacha siku mkuu wa kiwanda alipoleta marobota ya karatasi zenye picha ya mbao, zibandikwe juu ya mbao za maranda, wateja wauziwe. Mjomba akauliza kwa adabu zote, "Kwa hiyo sasa tunauza picha?" Akajibiwa ndiyo. Akakusanya randa zake, wakati huo zilikuwa saba tu, akaondoka bila kuaga. Tangu hapo anafanya kazi katika chumba cha uani nyumbani kwa Bibi, anatengeneza samani za zamani. Anatengeneza, ila usimuulize anamaliza lini. Mwalimu mmoja mstaafu alimletea kiti cha kubembea, akaambiwa arudi wiki ijayo. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Mwalimu bado anarudi. Siku hizi anakuja na kitabu chake kabisa, anakalia kiti cha mteja mwingine, anasoma kurasa ishirini, anaondoka.

Maisha yake yote yamo mle ndani. Chumba kina dirisha moja dogo, hakipitishi upepo, hakipitishi vumbi. Kwa binadamu ni adhabu, kwa gundi na vanishi ni hoteli.

Tatizo ni kwamba chumba hichohicho kilitakiwa na Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada yake Mjomba, mtoto wa kwanza wa Bibi. Tunamwita Mwenyekiti, kwanza kwa sababu anaongoza kila kitu hata asichoalikwa, na pili kwa sababu anakodisha viti vya plastiki kwa ajili ya shughuli za watu. Anavyo mia na hamsini. Vyote viliishi na sisi. Koridoni vilipangwa mpaka darini, sebuleni vilikuwa nyuma ya kochi, na Bibi, mwenye miaka themanini na moja, alikuwa anakwenda chooni kwa kupita kiubavu kama kaa.

"Mama, chumba cha uani kinatosha viti vyote," Mwenyekiti alisema kila Jumapili. "Huyu anakikalia kwa kiti kimoja cha mwalimu."

"Kile kiti kina viungo kumi na nane," Mjomba alijibu.

"Na wewe una dada mkubwa mmoja, mgongo unaniuma kubeba viti!"

Ukweli usemwe, wote wawili walikuwa na haki. Hilo ndilo lililoifanya vita kuwa tamu kuitazama.

Sasa Jumapili moja Bibi akachoka. Akanyoosha kidole kwenye saa ya mezani ya marehemu Babu, ile ya kutia ufunguo, yenye umbo la kijumba na paa la mviringo.

"Unaiona hiyo?" akamwambia Mjomba. "Baba yako aliipenda kuliko alivyonipenda mimi, na sasa imekuwa kama mbwa mwenye upele. Nakupa wiki sita. Itengeneze, niitazame kwa macho yangu, nisijue palipokuwa pabovu. Ukiweza, chumba ni chako na sitaki kusikia tena habari za viti. Ukishindwa, viti vinaingia."

"Wiki sita!" Mwenyekiti akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyu wiki sita anatafuta penseli tu."

Mjomba akaibeba saa kwa mikono miwili, kama kichanga, akatoka nayo.

Ndani ilikuwa nzima. Inapiga, inagonga, inadai ufunguo wake kila Ijumaa. Iliyoharibika ni ngozi. Mafundi wanaiita vinia: ganda jembamba la mbao nzuri linalobandikwa juu ya mbao ya kawaida, ili mbao ya kawaida ionekane imetoka familia bora. Vipodozi, kwa kifupi. Juu ya paa ganda lilikuwa limevimba na kupasuka, ubavu wa kulia lilikuwa linaning'inia, na ubavu wa kushoto kulikuwa na pengo kubwa kama kiganja cha mtoto, ganda lenyewe halijulikani lilipoishia.

Mjomba alianza kwa kuchunguza. Jioni akaingia sebuleni na daftari, akasimama mbele ya televisheni.

"Nimekuta gundi ya dukani, ile ya kubandika soli. Nani?"

Binamu yangu akaanza kukagua kucha.

"Nimekuta dawa ya viatu, ya kahawia. Nani?"

Mwenyekiti akakohoa. "Ilikuwa ya gharama," akasema. "Iling'aa vizuri tu."

"Halafu kuna maji. Maji mengi, ya miaka. Juu kabisa, kwa duara. Kama vile kuna mtu alikuwa anaimwagilia saa."

Hapo sote tukageuka taratibu kumtazama Bibi, ambaye kwa miaka minane aliweka chungu cha maua juu ya saa ya mume wake, na kila asubuhi alikinywesha kopo zima.

"Maua yalipenda pale," Bibi akasema, akaongeza sauti ya televisheni.

Basi kazi ikaanza. Kwa wiki tatu Mjomba alifanya mambo ambayo ukiyaona unatamani kumshika bega umwambie dunia inakwenda. Aliweka kitambaa kibichi juu ya ganda lililovimba, akapitisha pasi ya moto juu yake, gundi ya zamani ikalegea, akaingiza kisu chembamba kuliko uvumilivu wangu. Akafuta uchafu wote kwa maji ya uvuguvugu na mswaki. Kisha akapika gundi yake mwenyewe, ya ngozi za wanyama, kopo ndani ya sufuria ya maji moto, kwa sababu gundi ya kisasa "haijui kuomba msamaha." Maana yake, gundi ya ngozi ukikosea unaipasha moto inaachia, unaanza upya. Harufu yake lakini! Majirani walituma watu kuuliza kama tumefiwa na ng'ombe.

Paa likapona. Ubavu wa kulia ukapona. Likabaki pengo la kushoto.

Na hapo ndipo mtu wetu alipokwama. Vinia ya dukani ipo, tena nzuri. Akaileta, akaipima, akaguna. Ya siku hizi inakatwa na mashine, nyembamba kama karatasi ya daftari. Ya zamani ilipasuliwa kwa msumeno, ni nene mara tatu, na rangi yake imeiva kwa miaka. Ukiweka mpya hapo, Bibi hata avue miwani ataona kiraka. Akazunguka kwa wauza samani chakavu, akarudi mikono mitupu. Akazunguka tena. Wiki ya tano ikaanza, na Mwenyekiti akaanza kupitapita mlangoni na futi kamba.

"Usinijali, mdogo wangu. Napima tu viti vitakaa safu ngapi."

Sasa, kulikuwa na mahali pamoja ambapo ganda lile lilikuwepo. Rangi ileile nyekundu, mistari myeusi ileile, unene uleule. Babu alinunua saa na kabati la nguo siku moja, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama, na vyote viwili vilivalishwa mbao ya ukoo mmoja. Kabati alipewa Mwenyekiti alipoolewa. Alipoachika, alirudi nalo.

Yaani dawa ya saa ilikuwa chumbani kwa adui.

Mtu mwenye akili zake angefanya nini? Angegonga mlango, angesema, "Dada, naomba kipande kidogo." Mjomba alifikiria hilo. Alituambia baadaye kwamba alilifikiria kwa sekunde nzima mbili. Halafu akasubiri Jumatano ya wiki ya sita, Mwenyekiti akapeleka viti mia kwenye shughuli, naye akaingia chumbani kwa dada yake mchana kweupe, na sanduku la vifaa, kama daktari.

Haya mengine nayasimulia alivyoyakiri mwenyewe.

Mlango wa kabati una kioo kirefu kwa ndani, kimefungwa kwa skrubu sita. Akakifungua. Nyuma ya kioo kulikuwa na ganda safi kabisa, halijaguswa na jua wala dawa ya viatu. Akakata kipande, pande zake akizikata kwa mshazari na kuzichonga kama jani, kwa sababu mkato ulionyooka jicho linaudaka haraka. Pale alipokata akabandika vinia ya dukani aliyoipanga tabaka tatu ilingane unene, akasugua, akapaka rangi, akarudisha kioo, akafagia kila chembe. Nywele moja ya dada yake iliyokuwa sakafuni aliiacha palepale. Kazi safi. Hakuna mpelelezi duniani angegundua.

Sema sasa. Alipokuwa anafunga mlango wa kabati, ukakwaruza.

Mlango ule ulikuwa unakwama tangu enzi. Mwenyekiti alikuwa na utaratibu wake wa kuufungua: goti chini, mkono juu, tusi katikati. Sote tuliujua, asubuhi ulitusaidia kuamka. Mwizi wa kawaida angesikia mkwaruzo akakimbia. Mwizi wetu alisimama. Akainama, akachungulia. Skrubu za bawaba zimelegea, mlango umeshuka, unagusa chini. Akatazama saa yake ya mkononi. Akatazama mlango.

Akaung'oa. Akaziba matundu ya skrubu kwa vijiti vya mbao, akafunga upya, akapiga randa kingo ya chini, akapaka nta. Saa nzima na nusu, katika chumba ambacho hakutakiwa kukaa hata dakika. Alipomaliza, mlango ulifunguka kwa kidole kimoja. Akaufungua na kuufunga mara nne, peke yake, akitabasamu. Kisha akatoka akiamini hakuacha ushahidi.

Siku tatu Mwenyekiti hakulifungua kabati. Alikuwa na shughuli mfululizo, akivaa dera lilelile la kubebea viti. Siku ya nne, ambayo ilikuwa siku ya mwisho ya wiki sita, tulikuwa tumekaa sebuleni na Bibi amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, anakagua saa kwa tochi.

Jamani, ile saa. Mimi kazi yangu ni kucheka watu, lakini siku hiyo nilinyamaza. Ubavu wa kushoto ulikuwa umekamilika, mistari myeusi inapita toka mwanzo hadi mwisho bila kukatika, na juu yake mng'ao wa polishi iliyosuguliwa kwa kitambaa, kwa miduara, siku tatu. Bibi alipitisha tochi. Akapitisha kidole. Akapitisha kucha.

"Sioni," akasema polepole. "Wallahi sioni. Mwanangu, chumba ni..."

Ndipo tukasikia kishindo.

Kutoka chumbani kwa Mwenyekiti. Alikuwa amekwenda kubadilisha nguo. Goti likaenda, mkono ukavuta, tusi likaanza, ila mlango haukusubiri. Ulifunguka wote kwa mkupuo, naye akaruka nao kinyumenyume mpaka kitandani, miguu juu, hanga mkononi.

Akatokea sebuleni, kilemba kimekaa sikioni.

"Nani kaingia chumbani kwangu?"

"Kwani kimeibwa nini?" Bibi akauliza.

"Hakuna! Ndiyo maana naogopa! Nguo zipo, mikufu ipo, vyote vipo. Mwizi gani anaingia ndani kwa watu kutengeneza mlango?"

Sebule nzima ikamtazama mtu mmoja. Orodha ya washukiwa haikuwa ndefu.

"Umeingia kwa dada yako?" Bibi akauliza.

"Ulikuwa unakwaruza, Mama," Mjomba akasema. "Mlango mzuri kama ule. Miaka yote hiyo."

Na hapa, ndugu zangu, alikuwa ameshaokoka. Kwa sababu Mwenyekiti alikaa, akasema kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia ikitoka kwake, "Sasa si ungeniambia tu. Nilijua umeniibia kitu. Umenitengenezea mlango... haya, asante." Asante! Ilibaki Mjomba afumbe mdomo, apokee chumba, akalale.

Bibi akarudisha tochi kwenye saa. "Na hiki kipande ulichoweka hapa ulikipata wapi? Maana kimekaa kama kilizaliwa hapa."

Angesema sokoni. Ni neno moja tu. Lakini mtu huyu hajasifiwa na mama yake tangu alipojifunza kutembea, na hata siku hiyo nadhani aliambiwa anachelewa. Sifa ile ilimpanda kichwani kama homa.

"Kwenye kabati," akasema. Halafu, mnisamehe, akasimama. "Njooni niwaonyeshe nilivyoziba. Hamtaona maungio. Tafuteni wenyewe."

Akatuongoza mpaka chumbani, akafungua kioo, akamulika tochi. Tukachungulia. Kweli hatukuona kitu.

"Huyu mtu kaniibia," Mwenyekiti akasema taratibu, kama anayejisomea meseji mbaya, "halafu ananitaka nimsifie alivyoniibia vizuri!"

Kelele zilizofuata sitaziandika, simu yangu ina heshima zake. Walipochoka, Bibi alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nilisema niitazame nisijue palipokuwa pabovu," akasema. "Sasa najua. Pamehamia kabatini kwa dada yako. Viti vinaingia."

"Mama!"

"Ungemwomba."

"Angekataa!"

"Ndiyo, angekataa," Bibi akasema. "Halafu ungekuja kwangu, ningemlazimisha. Mimi mama yenu unafikiri naishi bado kwa kazi gani?"

Mjomba akarudishia kioo cha kabati, skrubu zote sita. Kesho yake alihamisha vitu vyake barazani, na viti mia na hamsini vikaingia chumba cha uani kwa mwendo wa ushindi. Bibi akatembea koridoni kifua mbele, akaenda chooni mara tatu bila haja, kwa raha tu.

Baraza lina sehemu moja tu isiyopigwa sana na upepo, nayo iko chini ya dirisha la Mwenyekiti. Sisemi alipachagua kwa makusudi. Nasema tu kwamba kuanzia saa moja asubuhi, nyundo, msumeno na harufu ya ng'ombe aliyechemka viliingia kwenye kila simu ya wateja wake. "Hapana, mama, hapa si buchani. Viti, ndiyo, viti." Mwalimu mstaafu naye alihamia hapo na kitabu chake, na kwa kuwa ni mtu wa adabu, kila alipogeuza ukurasa alimsalimia upya dirishani.

Hayo Mwenyekiti aliyavumilia. Ana roho ngumu, aliwahi kudai viti vyake katikati ya shughuli, watu wamevikalia. Kilichomshinda ni kingine.

Barazani gundi ilikuwa inakauka kabla haijashika. Vumbi lilikuwa linatua kwenye polishi mbichi. Mjomba alibandika ganda la mkono wa kile kiti cha mwalimu mara tano, likabanduka mara tano, na mara ya sita hakujaribu. Alikaa tu, mikono mapajani. Wiki ya pili Mwenyekiti akamletea kiti kimoja cha plastiki, nadhani ilikuwa kisingizio.

"Hiki kinayumba."

Mjomba hata hakukishika. "Weka kadibodi chini," akasema.

Mwenyekiti akabaki ameshika kile kiti. Kadibodi, kutoka kwa Milimita! Angetukanwa angeshukuru. Akaingia ndani, akampigia jirani mwenye banda la gari ambalo halina gari.

Asubuhi yake tulimkuta anatoa viti, kumikumi, jasho linamtoka, hataki msaada. Tisini vikaenda kwa jirani. Vilivyobaki banda halikuvitosha, akavipanga upande mmoja wa chumba mpaka darini. Kisha akasimama barazani, mikono kiunoni.

"Rudi ndani."

"Mama alisema..."

"Mama nimeshamalizana naye. Usinitazame hivyo, sijakusamehe. Kipande changu kipo kwenye ile saa na kila nikiipita nakiona. Nimechoka na harufu tu."

"Dada..."

"Ingia kabla sijabadili mawazo! Na uje uone droo ya kitanda changu, nayo inakwama. Safari hii gonga."

Mwalimu akaweka kidole kwenye ukurasa aliofikia, akabeba kitako cha kiti chake mwenyewe, akamsaidia kuingiza.

Mpaka leo ukipita uani utamkuta Milimita ameinama kwenye meza yake, kopo la gundi linafuka, na mbele yake viti sitini vitupu vimeelekezwa kwake, maana rundo la Mwenyekiti liliporomoka wiki ya kwanza na Mjomba akavipanga upya kwa safu, milimita kwa milimita. Ni mgeni rasmi wa kwanza duniani aliyewahi kufika kabla ya watu, na haonyeshi dalili yoyote ya kuwasubiri.